Rundo la Mlangoni

Alief, Houston
6 Septemba 1998

Baba,

Shikamoo. Mama ameamua kwamba mimi na wewe tusizungumzie tena masomo kwenye simu, maana mara ya mwisho tulikatiana na yeye akabaki jikoni anatafuta wa kumlaumu. Kwa hiyo naandika. Najua bado una kinyongo kwamba niliacha famasia. Nakuomba tu usome mpaka mwisho kabla hujaikunja karatasi.

Nimerudi kutoka Belize wiki iliyopita, nimeungua jua mpaka Mama hatanijua. Tulikuwa tunachimba nyumba kubwa ya mawe ambayo Wamaya waliihama zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Waliuacha mji mzima, na ngazi zake na mabwawa yake ya maji, na mpaka leo wasomi wanagombana kwa nini. Nyumba yetu ina mlango mmoja mpana. Ndani, chini ya benchi la mawe, wamezikwa watu wa familia iliyoijenga. Mimi nilipangiwa mlangoni. Mbele ya kizingiti pana rundo la vigae vya vyungu, mifupa, majivu na makombe ya konokono. Profesa Stroud, msimamizi wangu, anasema hizo ni taka za wavamizi, yaani watu waliokuja baada ya wenyewe kuondoka, wakalala humo na kutupa uchafu wao. Ameandika hivyo kwenye kitabu chake, na wengi wanamfuata.

Mimi sioni hivyo, Baba. Mtu gani anatupa taka pale pale anapokanyaga kila akitoka? Halafu chini ya vigae nimekuta lipu iliyobomoka kutoka ukutani, juu yake vumbi, ndipo vigae, kisha vumbi tena, kisha vigae vingine. Nyumba ilikuwa gofu tayari. Mtu akaja, akaondoka, akaja tena. Nadhani walikuwa wenyewe. Nadhani walirudi kula chakula na wafu wao. Lakini "nadhani" haimpi mtu shahada, na shahada yangu yote imekaa juu ya rundo hilo. Mwezi wa tatu kuna mkutano wa wataalamu wa akiolojia hapo Dallas, na nitasimama kulieleza. Ningependa uje.

Mwanao,
Ndeshi


DeSoto, Dallas
20 Septemba 1998

Mwanangu Ndeshi,

Marahaba. Nimesoma mpaka mwisho, tena mara mbili, ya pili kwa sauti kwa sababu mama yako alikuwa anakaanga samaki na hakutaka kuachwa nyuma. Kwanza nikupongeze kwa mwandiko. Nilidhani vyuo vya huku vimekunyang'anya.

Famasia ni kazi ya heshima. Nimeifanya Moshi, naifanya Dallas, na hakuna siku nimerudi nyumbani na matope kwenye viatu. Hilo silirudii leo. Lakini jumba la mawe, lenye ngazi, wakubwa wamezikwa chini ya kiti chao wenyewe, na aliyeshika sururu ni mtoto wa Kibosho! Jumapili baada ya misa sikuweza kunyamaza. Wilfred, unamjua Wilfred na nyumba zake anazouza, akaniuliza kama hao waliozikwa walikuwa wafalme. Nikamwambia, unadhani jumba la namna hiyo ni la nani, la fundi cherehani? Watu wamefurahi mno. Mzee Absalom amejitolea gari lake kubwa la kanisa, na akina mama wanazungumzia sare ya kitenge. Nipe tarehe kamili mapema.

Kuhusu vigae usijisumbue kupita kiasi. Kila kazi ina uchafu wake. Weka nguvu zako kwa yule aliye chini ya benchi.

Baba yako mwenye fahari,
Severin


Alief
1 Novemba 1998

Baba,

Shikamoo. Tania, binti wa Wilfred, amenipigia kutoka Arlington. Nakunukulia alivyosema: "Ndeshi, hongera bwana! Your dad anasema ume-discover mfalme, eti ana meno ya kijani, na mta-mu-display museum. Ni kweli?"

Baba, hakuna mfalme. Makaburi ya chini ya benchi yalichimbwa kabla sijajiunga na kikosi. Walizikwa kina mama wawili na mzee mmoja, wala hawakuwa na meno ya kijani, mzee hakuwa na meno kabisa. Kazi yangu ni rundo la mlangoni. Ama ni takataka ama ni karamu, na hilo ndilo swali ninalolimalizia ujana wangu. Sasa watu wako watakuja na vitenge vyao kuangalia dhahabu, watanikuta nimeshika kigae cheusi na mfupa wa kulungu. Hapo wataamua mmoja wetu ni mwongo, na sitakuwa na la kuwaambia.

Nilikueleza kile ninachokipenda, kwa jina lake halisi, nikiamini kitakutosha. Hakikukutosha. Ukaniongezea mfalme. Inaniuma, nasema wazi. Waambie ukweli, la sivyo usije nao.

Ndeshi


DeSoto
9 Novemba 1998

Ndeshi,

Barua yako nimeipata. Katika umri huu sijawahi kuitwa mwongo, sembuse na mtu niliyemshika mkono kumfundisha herufi. Mwezi wa tatu nina kazi.

Severin Kiwelu


DeSoto
12 Desemba 1998

Ndeshi mwanangu,

Naandika nikiwa kwenye chumba cha mapumziko hapa hospitali, zamu yangu haijaanza, kwa hiyo nitakuwa na haraka. Usimsikilize baba yako. Hana kazi yoyote mwezi wa tatu. Juzi amenunua suti ya kijivu na kuificha nyuma ya mashuka, kana kwamba mashuka hayo anayafua yeye. Jumamosi akaniambia anaenda kubadilisha matairi. Akachukua saa nzima na nusu, akarudi na matairi yale yale. Baadaye nikakuta kwenye gari tiketi ya maegesho ya hoteli ile ya mkutano wenu. Alikwenda kuangalia gari la Absalom litaingilia wapi! Raha ya kuishi na mwanaume mwenye kiburi ni kumwacha adhani hujaona.

Lakini na wewe una kiburi kile kile, sijui kwa nini mnashangaana. Ulimpiga pale panapouma. Sisemi ulikosea kuhusu mfalme. Nasema ungeanza na "nisamehe Baba" hata kama ungemalizia na yale yale.

Lile uliloniambia wiki jana, kwamba profesa amekuonya ukimpinga hadharani bila ushahidi mzito hatakuchukua kwenye uchimbaji wa kiangazi, na bila uchimbaji shahada imekufa, sijamwambia. Nimeapa sitamwambia. Akijua atashika barabara ya 45 ya Houston na suti yake mpya mpaka mlangoni kwa huyo mzungu. Ila nakuuliza kama mama: huo ushahidi mzito unao? Kama huna, je, huwezi kusema kidogo mwaka huu na kingi mwaka ujao? Hakuna atakayekucheka. Mimi sitakucheka.

Kula. Ulisikika mwembamba kwenye simu.

Mama yako,
Prudensia


DeSoto
28 Desemba 1998

Ndeshi,

Sijasahau ya Novemba. Naandika kwa sababu kuna jambo ambalo nikilikalia litanipasua kifua, na mama yako amekataa kunisikiliza mara ya tatu.

Juzi Wilfred alitualika kula mbuzi. Sawa, jambo jema, sikukuu ipite kama nyumbani. Alimnunua kwenye ranchi moja huko upande wa Ennis, akamchinja mwenyewe nyuma ya banda, akaharibu mashati mawili kwa damu. Tukala mchuzi, tukala nyama choma, vijana wakaimba. Ukafika wakati wa kugawa mafungu ya kubeba nyumbani. Nawe unajua desturi yetu: nyama haigawiwi kama pipi. Kila mtu ana kipande chake kwa umri wake na nafasi yake. Mimi ndiye mkubwa kwa umri kati ya watu wa Kibosho wote wa hapa. Kidari ni changu, hilo halina mjadala. Wilfred ananikabidhi kifurushi cha foili, mbele ya watu, na tabasamu lake la kuuzia nyumba. Nafika nyumbani, nafungua. Shingo! Shingo, Ndeshi! Kidari amempa yule bosi wake, Mmarekani anayekula samaki tu.

Nikampigia. Anasema, "Samahani mzee, nilichanganya, zote ziko kwenye foili." Atachanganyaje? Kichwa, utumbo na kwato vilibaki kwake aliyechinja, kama inavyotakiwa. Hapo hakuchanganya. Makongoro ya kwato anajinywea mwenyewe hivi sasa. Sisi wengine wote tuliosafiri kurudi makwetu tulibeba minofu na mifupa yake, na katika hiyo ndiyo akashindwa kujua mkubwa ni nani.

Mama yako ameipika hiyo shingo na viazi. Amesema ni tamu. Sikuionja.

Nasikia Houston mnapata mvua nyingi. Funga madirisha.

Severin


Alief
31 Januari 1999

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililopaswa kuanza Novemba. Kuhusu mfalme sibadilishi neno, lakini niliandika kwa hasira na ukali ule hukuustahili.

Kuhusu shingo nilicheka mpaka jirani yangu Mnaijeria akagonga ukuta. Nikakusoma tena ili nicheke tena, na mara hiyo sikucheka. Nilifika pale uliposema kichwa na kwato vilibaki kwa aliyechinja, na waliosafiri kurudi makwao wakabeba minofu na mifupa yake. Nikavaa viatu nikaenda maabara.

Nimeshinda humo tangu wakati huo. Nimefungua kila mfuko wa mifupa kutoka lile rundo. Ni kulungu, karibu wote. Na ni mapaja na mabega, Baba, mapaja na mabega, mfuko baada ya mfuko. Hakuna fuvu. Hakuna taya wala jino. Hakuna kwato hata moja. Kisha nikafungua mifuko ya nyumba ndogo za bondeni, ambako tunajua watu waliishi na kupika kila siku. Humo vichwa vimejaa, kwato zimejaa. Mifupa hii ilikuwa kwenye kabati miaka yote. Mimi mwenyewe nimeipima na kuiandika. Nilikuwa naangalia kilichopo, sikuwahi kujiuliza ni nini hakipo.

Unaona maana yake? Anayeishi mahali anachinja mahali pale, na kichwa kinabaki hapo. Waliokula mlangoni walikuja na nyama iliyochinjwa kwingine. Walikuwa wageni wa siku moja. Na vyungu vyao nimevikata kuangalia udongo: ni udongo ule ule, uliochanganywa kwa namna ile ile, kama vyungu vya zamani vilivyozikwa na wale kina mama chini ya benchi. Watu wa mbali wasingekuwa navyo. Ni wenyewe. Waliondoka, nyumba ikaanguka, wakawa wanarudi.

Sasa nikuambie nililokuficha. Profesa Stroud ameniambia nikimpinga hadharani nikashindwa kujitetea, hatanichukua kiangazi. Mama alijua, usimgombeze. Nimemwonyesha mifupa. Ameiangalia muda mrefu, akasema, "Tutaona Dallas." Sijui atasema nini na naogopa. Ni Jumamosi, tarehe 20 Machi, asubuhi. Njoo na watu wako wote kama unataka. Ila nitakachoonyesha ni mapaja ya kulungu.

Mwanao,
Ndeshi


DeSoto
8 Februari 1999

Ndeshi,

Marahaba. Nimekusamehe, nawe nisamehe, yameisha.

Najua kwa nini hukuniambia, na ulifanya vizuri, maana ningekuja. Nitakaa mstari wa mbele. Huyo profesa sitamsalimia. Mtu anayemtisha mwanafunzi kwa sababu ameona asichokiona yeye, nimewafahamu wa namna hiyo tangu chuo cha madawa. Simama wima, usiongee haraka, na usimwangalie yeye, niangalie mimi.

Sijawaambia watu kuhusu mapaja. Nimejaribu mara moja, kwenye kipaimara cha mtoto wa Gaudence, wakawa wanaulizana sare ya kitenge iwe ya njano au ya buluu. Nimeshindwa kupata nafasi. Au tuseme nimeshindwa.

Baba


Alief
22 Machi 1999

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefika Houston salama. Gari la chuo liliondoka mara tu baada ya kikao chetu, hawakutaka kunisubiri hata kidogo, na ndiyo maana sikuja kukutafuta nje.

Niliwaona mlipoingia. Ukumbi mzima uliwaona! Mstari mzima wa vitenge vya njano kati ya watu wa kaki na miwani, Mzee Absalom na kofia yake, Mama akinipungia mkono kama niko kwenye meli. Nilikuangalia wewe kama ulivyosema. Mwanzoni nilisoma karatasi neno kwa neno, kisha nikafika kwenye mifupa nikaiweka chini, kwa sababu hapo nilijua ninachosema. Nilipowaambia kwamba wazo la kutafuta vichwa na kwato limetokana na barua ya Severin Kiwelu wa Kibosho na DeSoto, aliyenyimwa kidari chake akapewa shingo, watu walicheka, lakini kicheko kizuri. Ulikisikia?

Halafu Stroud akasimama. Ulimsikia akiuliza kuhusu vumbi, akauliza kuhusu udongo, akauliza kama mbwa wangeweza kuchukua vichwa. Nilimjibu kwamba mbwa hachagui kuacha paja lenye nyama akaondoka na kwato. Akaomba picha ya mifupa irudishwe ukutani, akaisogelea. Kisha akasema maneno yale, nimeyaandika ili nisije nikadhani niliota: "Sijakubali kila kitu. Lakini rundo hili nililiita taka kwa miaka mingi, na kuanzia leo sitaliita hivyo tena." Niliangalia kiti chako ili nikuone umesikia. Kilikuwa kitupu.

Baba, kama uliondoka kwa sababu hapakuwa na mfalme, na watu wako walikuwa wanakuangalia, niambie tu. Nitakuelewa. Stroud hajanieleza chochote kuhusu kiangazi, alirudi kwa ndege.

Mwanao,
Ndeshi


DeSoto
25 Machi 1999

Ndeshi, mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Nilitoka kwa sababu nililia. Uliposema jina langu mbele ya wasomi wale, ukalitamka lote, na Kibosho ukaitaja kabla ya DeSoto, nilijikaza. Ukajibu lile la mbwa, nikajikaza. Mzee yule aliposema hataliita taka tena nilikuwa mlangoni, nimesikia kila neno, ila uso wangu haukuwa wa kuonekana na Wilfred. Nikashuka maegesho. Nikasimama nyuma ya nguzo nikalia kama sijalia tangu tumzike bibi yako. Ni furaha, Ndeshi. Ulifikiri ni aibu? Ningekuonea aibu kwa lipi?

Nikiwa hapo, leso mkononi, nani anakuja na begi lake akitafuta teksi ya uwanja wa ndege? Profesa wako. Akaniona, akanyoosha mkono. Nilikuwa nimeapa sitamsalimia. Nikaupokea. Akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye shingo?" Nikamwambia ndiye. Akasema amekuwa na kazi hii muda mrefu kuliko umri wako, na siku nyingi hajamwona mtu akisimama namna ile. Akasema nafasi yako ya kiangazi ipo, na sehemu yote ya mlangoni ni yako, wewe ndiye utakayeamua pa kuchimba. Alitaka kukuambia mwenyewe, lakini nimempokonya habari hiyo. Nilimwambia nina barua ya kuandika.

Kisha wakashuka wote. Tukaingia kwenye gari la Absalom, mimi nikashika usukani kwa sababu yeye barabara kuu zinamtisha. Kina mama walikuwa wanasimulia ulivyovaa. Hatujatoka kwenye lile jengo, Wilfred akasema kutoka kiti cha nyuma, mbele ya watu wote, "Lakini mzee, samahani, mfalme mbona hatujamwona?"

Nikasimamisha gari. Magari yakapiga honi nyuma yetu, nikayaacha yapige. Nikageuka nikamwambia: "Wilfred, mfalme hakuwepo. Nilimtunga mimi. Walikuwepo watu waliohama kwao, nyumba ikaanguka, na bado wakawa wanabeba nyama safari nzima kwenda kula mlangoni kwa mama zao. Wasomi wamepita juu yao miaka yote wakiwaita wavamizi. Aliyewatambua kuwa ni wenyewe ni mwanangu."

Absalom akavua kofia.

Baba yako